Rekodi ya Usimulizi Inapoleta Kasoro: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Wanaorekodi matangazo ya redio, masomo ya kidijitali, filamu fupi za mashirika na vitabu vya kusikiliza hapa Uganda huleta malalamiko yanayofanana, iwe wanafanyia kazi studio ndogo ya Ntinda au chumba cha kulala kule Mbarara. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili, kwa kuwa anayetafuta msaada huwa anajua anachosikia ila hajui kinachokisababisha. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi ndicho kinachotangulia, na ukaguzi usiohitaji gharama huja kabla ya marekebisho ya ndani. Mifano mingi inafuata Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo haina malipo na inapatikana katika kompyuta nyingi, lakini Reaper na Adobe Audition zina zana za aina hiyo hiyo.

Kabla ya kugusa kitu chochote

Hifadhi nakala ya faili ghafi, yaani rekodi kama ilivyotoka kwenye maikrofoni, mahali ambapo hutaihariri. Kisha sikiliza mambo matatu kwa hedifoni za waya: faili ghafi, faili uliyomaliza kuihariri, na faili ile ile aliyoipokea mteja. Kasoro ikisikika katika faili ghafi, chanzo chake ni chumba, maikrofoni, nyaya au umeme. Isiposikika huko lakini ikasikika baada ya kuhariri, zana fulani imetumika kupita kiasi, na dawa ni kurudi kwenye nakala badala ya kuongeza zana nyingine juu yake. Ikiwa faili yako ni safi na ya mteja ni mbovu, tatizo limetokea wakati wa kutoa faili au kuituma. Ukaguzi huu huchukua dakika chache, lakini wengi huuruka, wakaishia kurekebisha kwa ikwalaiza, yaani zana ya kupandisha na kushusha masafa, kitu ambacho WhatsApp ndiyo iliyokiharibu.

Mvumo mzito usiokatika chini ya maneno

Mvumo unaosikika hata msomaji anaponyamaza kwa kawaida hutoka kwenye umeme. Umeme wa Uganda una volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ukifungua kichora masafa utaona kilele kwenye hezi 50, kingine kwenye 100, kingine kwenye 150, na kuendelea. Jambo hili linafaa kukumbukwa kwa sababu masomo mengi ya video hutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, na anayenakili vipimo vyao hukata masafa yasiyo na hatia huku mvumo ukibaki pale pale.

Mshukiwa wa kwanza ni chaja ya kompyuta mpakato. Ichomoe, rekodi sekunde kumi za ukimya kwa kutumia betri, kisha linganisha. Mvumo ukitoweka, umepata jibu, na suluhisho rahisi ni kuchaji betri ijae kabla ya kazi na kurekodi chaja ikiwa imechomolewa. Mshukiwa wa pili ni waya wa maikrofoni uliolazwa sambamba na waya wa umeme: uutenganishe nao, na ikibidi zipishane, zipishane kwa pembe ya mraba. Wa tatu ni vifaa viwili vilivyounganishwa pamoja huku vikichukua umeme kutoka soketi za kuta tofauti, kwa mfano kompyuta upande mmoja na mikisa upande wa pili. Vyote vichomeke kwenye ekstensheni moja iliyo na waya wa ardhi. Wanaotumia umeme wa jua wachunguze inveta, kwa kuwa inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme, na wimbi lake lenye kona huleta mzizimo mkali unaopanda hadi kwenye masafa ya matamshi. Mzizimo wa namna hiyo hauondoki vizuri kwa programu. Njia ya uhakika ni kuzima inveta na kurekodi kwa betri ya kompyuta.

Rekodi ikiwa imekwisha kufanyika na haiwezi kurudiwa, anza na kichujio kinachokata masafa ya chini, ukikiweka kwenye hezi 80. Kisha tumia vichujio vyembamba sana kwenye hezi 100 na 150. Uwe mwangalifu na sauti ya mwanamume, ambayo msingi wake huangukia humo humo, kati ya hezi 85 na 180 hivi. Kichujio kipana kitaondoa mvumo pamoja na kifua cha msomaji. Kama kazi ilifanyika kwa jenereta, usishangae kuona kichujio kinashika mwanzo wa rekodi na kushindwa katikati, kwani mizunguko ya jenereta ndogo hupanda na kushuka kadiri mzigo unavyobadilika. Hapo gawanya rekodi vipande na upime kila kipande peke yake.

Onyo: baadhi ya watu hukata au kukwepa pini ya ardhi ya plagi ili mvumo unyamaze. Usifanye hivyo hata mara moja, kwa sababu pini hiyo ndiyo inayokulinda ganda la chuma la kifaa likipata umeme. Vilevile, ukihisi mtekenyo mkali au mshtuko unapogusa maikrofoni, stendi au kompyuta, acha kazi, zima umeme kwenye swichi kuu, na uite fundi wa umeme mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA. Hilo si tatizo la sauti tena.

Kuna mlio mwingine unaochanganywa na mvumo: mapigo ya haraka kama tr-tr-tr yanayoingia ghafla na kutoweka. Hayo hutoka kwenye simu iliyo karibu na maikrofoni au waya wake, hasa inaposhika mtandao wa 2G. Weka simu zote katika hali ya ndegeni au zitoe chumbani. Sentensi iliyoingiliwa na mlio huo irudiwe. Kuisafisha huchukua muda mrefu kuliko kuisoma upya.

Sauti inakwaruza kwenye maneno yenye nguvu

Ukikuza umbo la wimbi na kuona vilele vilivyokatwa bapa, sauti iliingia kubwa kuliko kifaa kilivyoweza kuipokea. Mara nyingi kitufe cha nguvu ya maikrofoni kilikuwa juu mno, au msomaji alijaribu kwa sauti ya mazungumzo kisha akarekodi tangazo kwa sauti ya soko la Owino. Jaribio lazima lifanywe kwa sentensi yenye nguvu kuliko zote katika hati, na kipimo kionyeshe vilele kati ya desibeli -12 na -6. Hakuna faida ya kusogea karibu na sifuri, ambapo sauti hukatwa.

Chanzo kisichotokea sana ni kuunganisha kifaa chenye sauti kubwa, kama mikisa, kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Dalili yake ni kwamba vilele vimekatwa bapa ingawa kipimo cha programu kiko chini, kumaanisha kuwa mkato ulitokea kabla sauti haijafika kwenye programu. Kushusha kitelezi cha programu hakusaidii kitu. Shusha kule inakotoka.

Zana ya kurekebisha vilele inaweza kuokoa mikato mifupi. Shusha kwanza sauti nzima kwa desibeli 6 hivi ili vilele vinavyoundwa upya vipate nafasi, kisha itumie kwenye maneno yaliyoathirika tu. Sentensi nzima ikiwa imekatwa, hakuna zana itakayorudisha kile ambacho hakikurekodiwa. Wapo wanaodhani kuwa kurekodi kwa biti 32 za desimali kunawaepusha na mkwaruzo. Muundo huo huilinda sauti ikiwa ndani ya programu, lakini intafesi nyingi za kawaida, yaani vifaa vinavyounganisha maikrofoni na kompyuta, hukata sauti mlangoni, kabla programu haijaipokea.

Sauti ni ndogo, na ikipandishwa kelele zinapanda nayo

Chanzo kikuu ni umbali. Msomaji anayesogea kutoka sentimita 40 hadi 20 hupata takriban desibeli 6 zaidi za sauti yake huku kelele za chumba zikibaki zilivyokuwa, na hakuna programu inayotoa faida safi namna hiyo. Pili, angalia aina ya maikrofoni. Ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, na kitufe chake kisipobonyezwa hutapata sauti, au utapata mnong'ono. Ya dainamiki haihitaji umeme huo lakini inahitaji kukuzwa sana. Shure SM7B, kwa mfano, inadai takriban desibeli 60, na intafesi nyingi za bei ya chini huanza kutoa mchirizo kabla ya kufika hapo.

Baada ya hayo ndipo ushughulikie kelele zilizobaki. Zana ya kupunguza kelele hufanya kazi kwa kujifunza sampuli ya kelele tupu, kwa hiyo kila rekodi ianze na sekunde kadhaa za ukimya wa chumba ambazo hakuna anayepumua wala kugeuza karatasi. Punguza kwa desibeli 6 hadi 12. Ukivuka hapo, sauti huanza kububujika kama inatoka ndani ya mtungi wa maji, na wasikilizaji huvumilia feni inayosikika kwa mbali kuliko hali hiyo. Zana hii hufaa kwa kelele zisizobadilika tu, kama feni au friji. Pikipiki ya boda boda inayopita, ndege aina ya kwarara wanaolia juu ya paa asubuhi na jioni, au spika ya mhubiri wa mtaa wa pili, hubadilika kila nukta na haiwezi kufunzwa kwa sampuli. Mvua juu ya mabati nayo haina tiba yoyote ya programu. Katika miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, panga kurekodi asubuhi ikiwezekana, na mwambie mteja mapema kuwa muda wa kazi unategemea pia mawingu.

Silabi za mwisho zinamezwa

Hili hutajwa kidogo katika miongozo ya kigeni, lakini kwa anayehariri Kiswahili ni kubwa. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu inayofuata hutamkwa kwa nguvu ndogo, hasa mwishoni mwa sentensi. Zana inayofunga sauti inapopungua chini ya kiwango fulani huiona irabu hiyo kama kelele na kuifuta: "tumefika" ikawa "tumefik". Mwanzo wa neno nao huathirika, kwa kuwa "m" ya "mtoto" na "n" ya "ndugu" huanza kwa utulivu kabla ya konsonanti inayofuata, na zana inayochelewa kufunguka huwasilisha "toto" na "dugu". Vipimo vilivyowekwa tayari ndani ya zana hizo havikutungwa kwa ajili ya Kiswahili.

Kagua kwanza kama kasoro imo kwenye faili ghafi. Ikiwa imo, zana yako ya kuhariri haina kosa. Mfumo wa kompyuta au programu ya mikutano inapunguza kelele yenyewe kabla sauti haijarekodiwa. Katika Windows, fungua mipangilio ya maikrofoni na uzime maboresho yote ya sauti, kisha funga Zoom na programu nyingine zinazoshika maikrofoni. Kilichomezwa katika hatua hiyo hakirudi.

Ikiwa faili ghafi ni nzima, rudi kwenye mpangilio wa zana. Shusha kiwango cha kufunga hadi kiwe juu kidogo tu ya kelele za chumba. Iruhusu ibaki wazi kwa milisekunde 200 hivi baada ya sauti kushuka, na ifunge polepole. La muhimu kuliko yote, isinyamazishe kabisa: iweke ipunguze kwa desibeli 10 au 12 pekee, ili hata ikikosea, irabu isikike. Binafsi naona usimulizi uliorekodiwa katika chumba kizuri hauhitaji zana hii. Kushusha kwa mkono mapengo marefu kati ya aya kunatosha, na hakuharibu neno. Zana za kufupisha ukimya nazo zina hatari ya jamaa hiyo hiyo: zikiwekwa kufuta kila pengo linalozidi robo ya sekunde, msomaji atasikika kama anayekimbizwa.

Msomaji anasikika kama yuko kwenye chumba kitupu

Kuta za saruji, sakafu ya vigae na dirisha la kioo hurudisha sauti, na mwangwi huo ukishaingia kwenye rekodi huwa umechanganyika na maneno yenyewe. Zana za kuondoa mwangwi zipo na zinaendelea kuboreka, lakini zinapunguza tu, na zikisukumwa hufanya sauti iwe kavu na ya kimashine. Sogea karibu na maikrofoni, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Kisha weka godoro au mablanketi mazito nyuma na pembeni ya msomaji, kwa kuwa maikrofoni nyingi za usimulizi huelekea usoni pake na kupokea kinachorudi kutoka ukuta ulio nyuma yake. Kabati lililojaa nguo hufanya kazi vizuri, vivyo hivyo gari lililoegeshwa mahali tulivu. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani katika studio nyingi za mitaani hazizuii kelele za nje hata kidogo, na mwangwi zinaoupunguza ni haba. Fedha hizo zingenunua blanketi.

Sauti inasikika kama ya simu

Karibu kila mara programu inarekodi kutoka maikrofoni isiyokusudiwa. Kwangua kidogo wavu wa maikrofoni kwa ukucha huku ukitazama kipimo. Kisiporuka juu, unarekodi kwa maikrofoni iliyomo ndani ya kompyuta. Chagua kifaa sahihi katika mipangilio. Ikiwa unatumia hedifoni za Bluetooth zenye maikrofoni, jua kwamba maikrofoni yake inapofunguliwa nyingi hushuka katika hali ya kupiga simu, na sauti hupoteza masafa ya juu pande zote mbili. Tumia waya.

Rekodi inasikika vizuri kwenye hedifoni lakini inatoweka kwenye redio au simu

Dalili hii huwachanganya hata wazoefu. Tangazo linasikika vizuri studioni, kisha kwenye redio ndogo yenye spika moja msomaji anafifia au anapotea kabisa huku muziki ukiendelea. Chanzo cha kawaida ni waya unaopeleka maikrofoni ya XLR kwenye tundu dogo la stereo. Maikrofoni ya namna hiyo hutoa sauti ile ile kwa njia mbili zilizo kinyume, na waya usiofaa huzipeleka moja kushoto na moja kulia. Spika moja inapozijumlisha, zinafutana.

Kukagua ni rahisi: geuza nakala ya faili kuwa ya mono, yaani ya njia moja. Ikinyamaza au kubaki na vumbi la sauti, umethibitisha. Marekebisho nayo ni rahisi na hayana hasara: tenganisha njia mbili za stereo, futa moja, na uifanye iliyobaki kuwa mono. Usimulizi wa mtu mmoja haukuwa na sababu ya kuwa stereo tangu mwanzo. Baada ya hapo badilisha waya, au nunua intafesi.

Chanzo kingine, kisichotokea mara nyingi, ni maikrofoni mbili zilizowekwa umbali tofauti mbele ya msomaji mmoja kisha zikachanganywa. Sauti haitoweki bali inakuwa nyembamba na yenye tundu. Chagua bora kati ya hizo mbili na uiache nyingine.

Sauti imekuwa ya haraka na nyembamba, au haifuatani na video

Rekodi ya kidijitali ni mfululizo wa vipimo vya sauti viitwavyo sampuli. Iliyofanywa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ikisomwa kana kwamba ni 48,000 hukimbia kwa takriban asilimia 9, na sauti hupanda kama nusu-toni moja na nusu. Kinyume chake, rekodi ya dakika 10 ya sampuli 48,000 ikisomwa kwa 44,100 hufika dakika 10 na sekunde 53. Pima urefu wa faili zote mbili. Tofauti ikiwa ya kiwango hicho, si kosa la msomaji. Usinyooshe sauti kwa kukisia. Rudi kwenye faili ghafi, sahihisha namba ya sampuli ya rekodi hiyo, kisha itoe upya kwa namba inayotakiwa na mhariri wa video, ambayo kwa kawaida ni 48,000.

Sauti ikianza sawa na video kisha ikaachana nayo polepole, sababu huenda ikawa video ya simu ambayo idadi ya picha zake kwa sekunde hubadilika-badilika. Igeuze kwanza iwe na idadi moja isiyobadilika, ndipo uipangie sauti.

Mikatiko midogo na mipasuko katikati ya maneno

Kompyuta inaposhindwa kupokea sauti kwa wakati, vipande vidogo hupotea. Funga kivinjari, zima masasisho yanayojipakua, na uongeze ukubwa wa bafa, yaani akiba ya muda ya sauti inayosubiri kushughulikiwa, hadi sampuli 512 au 1,024. Ucheleweshaji wa milisekunde 12 hadi 23 unaotokana na hilo hauna madhara kwa msimulizi anayejisikiliza moja kwa moja kutoka kwenye intafesi. Rekodi kwenye diski ya ndani, kamwe si kwenye flashi. Kisha jaribu tundu jingine la USB bila kupitia kigawanyi, na uzime mpangilio wa kuokoa umeme unaolaza matundu ya USB.

Mipasuko ikiendelea hata kwenye kompyuta nyingine, tikisa waya taratibu huku ukirekodi. Waya uliokatika ndani hujitangaza wenyewe. Maikrofoni ya kondensa inayopasuka-pasuka siku za unyevunyevu, jambo linalowapata wanaofanya kazi karibu na Ziwa Victoria, huenda imeshika unyevu kwenye utando wake. Iache ikae usiku kucha ndani ya kisanduku kilichofungwa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Usiifungue wala usiifute utando. Isipopona, mpelekee fundi wa vifaa vya sauti.

Mipigo ya "p" na "b", na miunzi ya "s"

Geuza maikrofoni kidogo ili pumzi ipite kando, na uweke kichujio cha kitambaa mbele yake. Katika rekodi iliyokwisha fanywa, chagua mpigo mmoja mmoja na ukate masafa yaliyo chini ya hezi 120 mahali hapo tu. Miunzi ya "s" na "sh" hukaa zaidi kati ya kilohezi 5 na 8. Ipunguze kwa desibeli 3 hadi 5, kwani ukizidisha msomaji ataonekana ana kithembe. Milio ya mdomo mkavu hutibiwa kwa maji kabla ya kusoma.

Mradi haufunguki baada ya umeme kukatika

Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya sentensi, au umeme wa mtaa mzima ukiondoka, kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika huku programu ikiandika. Umeme ukirudi, fungua Audacity yenyewe, si faili, na ukubali inapojitolea kurejesha mradi. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, mradi mzima huwa ndani ya faili moja ya aina ya aup3. Ukiona pembeni yake faili yenye jina hilo hilo linaloishia na wal, usiifute wala kuihamisha, kwa sababu huenda ndiyo inayobeba dakika za mwisho ulizorekodi. Miradi ya matoleo ya zamani ina folda ya data ambayo lazima ibaki pamoja na faili yake. Nakili vyote mahali pengine kabla ya kujaribu lolote. Hakikisha pia diski haijajaa, kwa kuwa nafasi ikiisha mradi hushindwa kufunguka hata kama haujaharibika.

Onyo: ikiwa faili imefutika, usihifadhi kitu kingine chochote kwenye diski hiyo, kwani kinaweza kuandikwa juu ya rekodi yako. Diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, zima kompyuta mara moja na uipeleke kwa mtaalamu wa kurejesha data. Kila unapoiwasha tena ili ujaribu, unapunguza anachoweza kuokoa.

Kituo au mteja anarudisha faili kwa sababu ya ukubwa wa sauti

Kipimo cha vilele hakielezi jinsi sauti inavyosikika kuwa kubwa, na ndiyo maana faili mbili zenye kilele cha desibeli -1 zinaweza kutofautiana sana masikioni. Wengi siku hizi hupima kwa LUFS, kipimo kinachofuata jinsi sikio linavyousikia ukubwa wa sauti. Kiwango cha utangazaji cha EBU R128, kilichoanzia Ulaya, ni -23. Podikasti nyingi hulenga -16 kwa stereo, au -19 faili ikiwa ya mono. Wanaowasilisha vitabu vya kusikiliza kupitia ACX, jukwaa la Audible, wanatakiwa kuwa na wastani wa nguvu ya sauti (RMS) kati ya desibeli -23 na -18, vilele visivyozidi -3, na kelele za chumba zisizozidi -60. Muulize mteja anataka kipi kabla ya kuanza, na umwombe akuandikie.

Sababu ya kwanza ya kurudishiwa faili ni kupandisha sauti kwa kufuata kilele kimoja, kama kikohozi au neno moja la nguvu, na kuacha mengine yote chini. Shusha kilele hicho kwa mkono, kisha tumia kompresa, zana inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, yenye uwiano wa 2 au 3 kwa 1, halafu sawazisha hadi kiwango kilichoombwa na umalizie kwa limita, zana inayozuia vilele kuvuka kiwango, ya desibeli -1, au -3 kwa vitabu. Mpangilio wenyewe una maana: kupunguza kelele kutangulie kompresa, kwa sababu kompresa hufuatwa na kupandishwa kwa sauti nzima, na kelele za chumba hupanda nayo hadi zikasikika kila msomaji anapovuta pumzi.

Sababu ya pili ni njia ya kutuma. Usitoe MP3 kutoka kwenye MP3 nyingine. Hariri WAV, na utoe MP3 mara moja mwishoni ikiwa mteja ameitaka. Rekodi ya WAV ya mono, biti 24 na sampuli 48,000 hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, na hapo ndipo bando humshawishi mtu acheze faili kwenye spika na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ukilazimika kutumia WhatsApp, ambatisha faili kama hati, si kama sauti, kisha ipakue mwenyewe kwenye simu nyingine na ulinganishe ukubwa wake na ile uliyoituma.